Majivu ya Nyumba Namba Kumi na Saba

Anyelwisye hajui kukaa. Namfahamu mwaka wa kumi na nne sasa, tangu nilipoanza kununua vyungu vya Ikombe, kijijini kwake ufukweni mwa ziwa, na kuvileta dukani kwangu Kyela mjini, na sijawahi kumkuta amekalia kitu kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akikupokea amesimama, mkipatana bei amesimama, na ukimtajia bei isiyompendeza anaanza kutembea. Nawe unamfuata huku mkoba unakupiga kiunoni, mpaka unakubali kwa sababu umechoka. Mimi ni binti wa muuza vitambaa aliyetoka Kilwa na robota moja la kanga; nilifundishwa kupatana kabla sijafundishwa kusoma. Lakini huyu mama mfinyanzi wa Kikisi amenishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kwa hiyo niliposikia amepewa nyumba mlimani, na kwamba sharti la nyumba hiyo ni kukaa ndani yake, nilicheka peke yangu nyuma ya kaunta.

Mambo yalianza mwaka ule ziwa lilipopanda. Maji ya Nyasa yalizila nyumba za mstari wa chini moja moja, na ya Anyelwisye ilikuwa ya sita kuondoka. Serikali ikajenga nyumba sitini na mbili juu kwenye bega la mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka ufukweni. Kijiji kina jina lake la kwenye barua, ila hakuna anayelitumia. Watu wanakiita Nambani, kwa sababu kila mlango ulipigwa namba kwa rangi nyekundu kabla haujapata mwenyewe. Nyumba zote zinafanana: bati jipya, vyumba viwili, na jiko la nje lenye mafiga matatu ya saruji. Hata mafiga walikuta yamekwisha kujengwa.

Tatizo ni kwamba lile bega la mlima lina wenyewe wawili. Wilaya ya chini, yaani yetu, ina ramani yake. Wilaya ya juu, ya Wakinga, ina ramani nyingine, na ramani hizo mbili hazijawahi kuamkiana. Zamani pale palikuwa na mawe na mbuzi, hakuna aliyepoteza usingizi. Siku bati la kwanza lilipong'aa, kila mtu akamkumbuka babu yake.

Ikaundwa tume ya pande zote mbili. Kabla ya kuchora mstari wowote, tume ilitangaza kwamba itahesabu kwanza watu wanaoishi pale kweli. Nyumba iliyokaliwa na mwenye jina kwa miezi mitatu, mwenyewe atapewa karatasi yake ya umiliki. Isiyokaliwa, au iliyogeuzwa kazi nyingine, itafutwa kwenye orodha na kiwanja chake kirudi kwenye mgogoro.

Anyelwisye aliitaka karatasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Nyumba ya ufukweni ilikuwa ya marehemu mumewe, Mika. Mika alipofariki, ndugu zake walimwacha mjane aendelee kulala humo kwa hisani, na kila mwaka mmoja wao alipita kumkumbusha hisani hiyo, akaondoka na chungu. Namba kumi na saba ilikuwa nyumba ya kwanza duniani kuandikwa jina lake. Binti yake, Tuntufye, aliyeolewa Makwale kwenye mashamba ya kakao, alimwita akaishi naye apumzike. Alikwenda, akakaa siku nne. Aliporudi alisema udongo wa kule ni mzuri sana kwa kakao.

Basi akahamia mlimani, na kazi yake akahamia nayo. Sasa udongo wa vyungu haupatikani juu. Uko chini, karibu na maji. Kila siku ya tatu aliteremka na kapu tupu akapanda na kapu limejaa, kichwani, mwanamke aliyevuka miaka hamsini na mitano. Alfajiri aliuponda. Vyungu vibichi alivipanga ndani vikauke polepole bila upepo: sebuleni, chumbani, juu ya kitanda, chini ya kitanda. Yeye mwenyewe alilala mkekani, kwenye njia iliyobaki kati ya mitungi, na alipogeuka usingizini aligeuka kwa adabu.

Jikoni alipika kama mtu yeyote. Ila kila moto ulipozimika alizoa majivu yote, akafagia, akapangusa mafiga kwa kitambaa kibichi. Ndivyo mama yake alivyomlea. Jivu likitua kwenye chungu kilichosuguliwa na ambacho hakijachomwa, linaacha doa, na doa likishapita motoni halitoki tena. Kwa hiyo jiko lake lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Majivu yenyewe aliyabeba nyuma ya nyumba, pale mlima unapoanza kupanda tena, akayamwaga.

Pale nyuma palikuwa na matuta ya viazi ya Hezroni.

Hezroni ni Mkinga, mtu mzima, mwenye viazi, mianzi na ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, unaosifika. Nyumba yake iko juu kidogo ya namba kumi na saba, umbali wa kurusha jiwe, na nasikia jiwe lilishawahi kurushwa. Walikuwa wanagombania matuta manne. Anyelwisye alisema yako ndani ya kiwanja alichogawiwa, na alitaka kupafanya mahali pa kuchomea vyungu. Hezroni alisema aliyalima kabla bati la kwanza halijapanda mlima.

Akaongeza na suala la kelele. "Mama, unaniamsha kabla ya jogoo wangu."

"Basi mchinje, baba. Hana kazi tena."

Hezroni akaenda kwa mtendaji wa kijiji chake akaandika barua ya malalamiko, ikapigwa muhuri. Mtendaji alimwita Anyelwisye akamsomea. Alisikiliza akiwa amesimama, akaaga, akaenda kuchukua udongo.

Tume ilifika Jumanne moja, watu sita na karani. Mmoja wao, mzee aliyewahi kuwa hakimu, alikuwa amewapa wenzake kipimo. Kitanda, alisema, kinapandishwa mlimani asubuhi moja, na sufuria inaazimwa, lakini majivu huwezi kuyaazima. Kwa hiyo hawakuingia sebuleni kwa mtu. Walikwenda moja kwa moja jikoni.

Wilson wa namba kumi na mbili anaishi ufukweni na nyavu zake wiki nzima. Hupanda Jumamosi, akawasha gogo, akashuka. Mafiga yake yalikutwa yamezama kwenye majivu, na nusu ya majivu hayo, nilivyokuja kuambiwa na dada yake mwenyewe, yalipanda mlima ndani ya kiroba cha unga. Karani akaandika: inakaliwa.

Wakafika namba kumi na saba. Jikoni mafiga meupe, hakuna hata punje. Wakachungulia ndani: vyungu kitandani, vyungu mezani, vyungu mpaka dirishani. Karani akamwuliza analala wapi. Akamwonyesha mkeka uliokunjwa nyuma ya mitungi miwili. Karani akatazama mkeka, akatazama mitungi, akaandika: ghala la vyungu.

Alipewa siku kumi na nne za kukata rufaa. Ushahidi uwe wa maandishi, na shahidi asiwe ndugu wala mkazi wa Nambani, maana watu wa Nambani, karani alisema, wanashuhudiana kama wanavyosalimiana.

Kesho yake alikuwa dukani kwangu. Alianza na "mugonile" kama kawaida yake, kwa heshima, kisha akasahau mengine yote ya salamu. Alitembea kati ya magunia ya mchele wa Busale, huku na huku, akinieleza. Alitaka niandike mimi. Si ndugu, si mkazi, na jina langu linajulikana.

Nilimwambia ukweli. "Nikiandika kwamba nachukua vyungu kwako kila mwezi, nitakuwa nimethibitisha ghala."

Akasimama. Nikamwuliza ni nani mwingine anayemwona pale kila siku, asiye ndugu wala mkazi. Alifikiri kwa muda mfupi tu, kisha uso ukamkunjamana kama aliyeuma ndimu.

"Hezroni," alisema.

Ndipo akanihadithia habari ya barua. Nilimwomba anikumbushe maneno yake, na aliyajua kwa moyo, kama mtu anavyojua tusi alilotukanwa: "Mwanamke wa namba kumi na saba ananiamsha kila alfajiri kwa kuponda udongo, na kila siku anamwaga majivu ya jikoni kwake katika shamba langu la viazi." Tarehe ilikuwepo, muhuri ulikuwepo, na ilikuwa imeandikwa miezi minne kabla tume haijaja.

Nikamwambia adui yake amemwandikia hati bora kuliko ambayo wakili angeandika. Kilichobaki ni kumfanya akubali itumike, maana akiamua kuikana au kusema aliikosea namba, hatuna kitu.

Nilikwenda naye. Asije mtu akadhani ni huruma. Nilikuwa nimeahidi vyungu sitini kwa nyumba ya wageni Matema, na mfinyanzi asiye na paa hatimizi ahadi yoyote. Tulichukua mtumbwi kutoka Matema mpaka Ikombe, kisha tukapanda. Mimi nilibeba kilo mbili za sukari na blanketi jipya, nikapumzika mara saba. Yeye alibeba kapu la udongo kichwani na hakupumzika, ila kila mara alirudi nyuma kuniangalia kama nimekufa.

Hezroni alitupokea vizuri, kwa salamu yake ya "kamwene" na viti viwili. Kimoja kilibaki kitupu. Nikamwekea sukari na blanketi mbele yake, nikaanza maneno yangu ya ujirani mwema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisogezea blanketi langu.

"Bi Mwanaisha, blanketi ninalo. Tuzungumze barua."

Kumbe alishajua. Tangu karani aandike ghala, alikuwa amekaa akingoja ni siku gani tutapanda. Akasema barua yake haikani, yeye si mtu wa kukana mkono wake. Lakini kwa nini amsaidie mwanamke wa chini kuhesabiwa mkazi, wakati kila nyumba inayofutwa ni ardhi inayorudi kwao? Nikamwuliza anataka nini. Hakunijibu mimi. Alimgeukia Anyelwisye, aliyekuwa mlangoni akitazama nje.

"Barua si gunia la viazi, mama, uchague vilivyonona uache vilivyooza. Ukiipeleka kwa tume, unaipeleka yote. Imeandikwa unaishi pale. Na imeandikwa shamba langu."

Nilielewa, nikamheshimu. Akiitoa barua ile kama ushahidi wake, Anyelwisye atakuwa amekubali mbele ya pande zote kwamba matuta manne ni ya Hezroni. Atapata nyumba, atapoteza mahali pa kuchomea vyungu, na atakuwa mtu wa kwanza wa Nambani kukiri kwamba kuna udongo wa watu wa juu nyuma ya bati la serikali.

Anyelwisye alitoka nje. Tulimwona akitembea kwenye matuta, tuta kwa tuta, akipima kwa nyayo. Akazunguka nyumba yake. Akarudi kwenye matuta. Hezroni akanimiminia ulanzi, nikamkumbusha kwamba mimi Mwislamu, akaunywa yeye. Aliporudi, alikuwa na majibu yake. Matuta manne sawa, lakini la tano likichimbwa hata kwa kidole, atalifukia mwenyewe, kisha aende kwa tume. Kuponda udongo kutaendelea. Wakavutana juu ya saa. Jogoo akatajwa tena. Wakakubaliana aanze akishaona moshi jikoni kwa Hezroni.

Nilifikiri wamemaliza. Hezroni akakohoa, akatazama miguu yake.

"Na yale majivu," alisema, "si lazima uache kuyamwaga."

Viazi vya matuta yale manne vilikuwa vimetoka vikubwa kuliko vya shamba zima. Amekula majivu ya yule mama msimu mzima huku akimlalamikia kwa mtendaji. Nilimtazama Anyelwisye, nikaona ile sura ninayoijua, ya kabla hajaanza kutembea na bei.

"Simwagi tena. Nimechoka kubeba," alisema. "Ukiyataka, njoo uyachukue jikoni kwangu. Kila asubuhi, na kapu lako."

Alichonunua pale kilikuwa zaidi ya barua. Alikuwa amejipatia shahidi wa kila siku, anayekuja kwa miguu yake.

Habari ilitutangulia kufika Nambani. Mwenyekiti wa kijiji, Andongwisye, alimngoja mlangoni pa namba kumi na saba akiwa na watu wanane, Wilson akiwa mmoja wao, aliyepanda siku isiyo Jumamosi. Andongwisye si mtu mbaya. Alieleza kwa utaratibu kwamba mstari ukikubaliwa nyuma ya nyumba moja, kesho watu wa juu wataandika barua nyuma ya nyumba zote. Alimwomba angoje. Kijiji kitamtetea kwa pamoja.

Anyelwisye akamwuliza kijiji kitamtetea kwa majivu ya nani. Wilson akatazama ziwa.

Hapo Andongwisye akakasirika. "Mama, umeuza mlima."

"Nimeuza matuta manne ya viazi. Mlima sikupewa."

Usiku ule nililala mkekani kwake kati ya mitungi, maana nilikuwa siwezi kushuka. Yeye sijui kama alilala. Kila nilipozinduka nilimsikia nje, akizunguka nyumba. Asubuhi nilimwuliza kama ameghairi. Akasema alikuwa anatafuta pembe nyingine ya kuchomea vyungu isiyo na upepo, na haipo. Kisha tukateremka, akaipeleka rufaa yake ofisini na nakala ya barua ya Hezroni yenye muhuri wa mtendaji.

Tume ilirudi siku ya kumi na mbili. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na yeye, na Hezroni, na dada wa Wilson, na wote watatu wamelingana. Hakimu mstaafu alisoma barua kwa sauti, akamwuliza Hezroni kama mkono ni wake. Akasema ni wake. Hakimu akaagiza jembe. Wakachimba tuta la kwanza, na majivu yalikuwemo, tabaka juu ya tabaka, kina cha shubiri, na maganda ya mihogo ndani yake. Mzee akayapepeta kwa vidole, akamtazama karani, karani akafuta ghala akaandika: inakaliwa. Hapohapo watu wa wilaya ya juu wakaomba neno "shamba langu" nalo liandikwe, likaandikwa. Kigingi chenye kamba nyekundu kikapigwa kwenye ukingo wa tuta la nne. Ni kigingi cha muda, walisema. Kipo hadi leo, na mgogoro wenyewe bado uko mezani.

Malipo mengine yalikuja baadaye. Nusu ya Nambani waliacha kumsalimu. Wilson, ambaye boti lake ndilo lililokuwa likibeba vyungu kutoka Ikombe mpaka Matema, alianza kuwa na injini mbovu kila alipomwona na mzigo. Vyungu anachomea mbele ya nyumba sasa, kwenye upepo, na katika kila kumi viwili hupasuka. Nilimwuliza mara moja kama anajuta. Akasema vyungu vilikuwa vinapasuka hata ufukweni, tena ndani ya nyumba ya watu.

Mwezi uliopita nilipanda kuchukua vyungu vyangu sitini, na wapagazi wangu mwenyewe kwa sababu ya Wilson. Nilikuta arobaini. Nikauliza ishirini viko wapi. Akaonyesha kwa kidevu, juu. Hezroni alikuwa amepeleka chungu kimoja cha ulanzi kwenye harusi ya kijijini kwake, watu wakakipenda, na sasa Wakinga wanateremka wenyewe mpaka mlangoni pake. Hawahitaji mtumbwi wala boti la mtu. Hawapatani bei sana pia, alisema, huku akinitazama.

Niliingia ndani kupumua. Kitanda bado kilikuwa na vyungu. Katikati yake palikuwa na kimoja kidogo kilichozibwa mdomo kwa udongo. Humo ndimo alimoiweka karatasi yake, asiione panya wala shemeji. Nilimwuliza kama sasa, mwenye nyumba kamili, analala kitandani. Akauliza vyungu vilale wapi.

Nje Hezroni alikuwa amefika na kapu lake. Alipiga hodi ya jikoni, akazoa majivu ya asubuhi, akalalamika kwamba ni machache. Akamwambia apike kama mtu mwenye familia. Naye akamwambia alete familia.

Nikamtajia bei ya vyungu arobaini, bei yetu ileile ya siku zote. Anyelwisye alinisikiliza, akapangusa mikono, akaanza kutembea, safari hii kuelekea juu, upande wa kigingi.

Nikashika mkoba wangu nikamfuata.